Uso Mchanga wa Kanisa la Kale: Kulizuru Kanisa Kuu la Barcelona

Waheshimiwa wasikilizaji,

Mgeni anayefika Barcelona huulizia kwanza Sagrada Família, na wengi hushangaa kuambiwa kwamba kanisa kuu la askofu ni jingine kabisa. Kanisa hilo, lenye majina ya Msalaba Mtakatifu na Mtakatifu Eulalia, binti aliyeuawa kwa ajili ya imani yake ya Kikristo, limo ndani ya Barri Gòtic, mtaa wa kale uliokaa juu ya mji wa Warumi ulioitwa Barcino.

Uso wake wa mbele, wenye minara iliyochongoka, ambao karibu kila mtu huupiga picha akiamini kwamba ni kazi ya Zama za Kati, ulianza kujengwa mwaka 1887, na mnara wa katikati ukakamilika mwaka 1913. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa ukuta mtupu, hadi mwenye benki Manuel Girona alipotoa fedha. Siuiti udanganyifu, kwa kuwa wajenzi waliongozwa na mchoro wa mwaka 1408, uliokuwa umetunzwa muda wote huo bila kutekelezwa. Lakini anayetafuta mwanzo wa kanisa asiingilie hapo. Azunguke ubavuni hadi mlango wa Sant Iu, ambako maandishi yaliyochongwa ukutani yanaeleza kwamba kazi ilianza mwaka 1298.

Ndani, kwaya, yaani sehemu yenye viti vya makasisi na waimbaji, imejengwa katikati ya kanisa, hivi kwamba mgeni haioni altare mara moja. Migongo ya viti vyake vya mbao imechorwa nembo za mashujaa wa Ngozi ya Dhahabu, chama cha heshima cha wafalme na wakuu wa Ulaya, walioitwa hapo na Mfalme Carlos wa Hispania mwaka 1519. Nembo ya Henry wa Nane wa Uingereza imo pia, naye wakati huo alikuwa bado mwana mtiifu wa Roma, kabla hajajitenga na Papa! Chini ya altare, ngazi pana zinashuka hadi penye jeneza la alabasta la Eulalia, la karne ya 14, lililochongwa visa vya mateso yake.

Nje kidogo, kwenye ua uliozungukwa na baraza, wanafugwa bata bukini 13 weupe, idadi inayolingana na umri aliokuwa nao Eulalia alipouawa. Watu huwatazama bata na kusahau sakafu wanayoikanyaga, ambayo ni makaburi yenye alama za vyama vya mafundi, vikiwemo viatu vya washona viatu.

Mtaa wenyewe nao umetengenezwa upya kwa kiasi kikubwa. Daraja la mawe linalovuka barabara ya Carrer del Bisbe, lenye sura ya kale kuliko yote, ni la mwaka 1928. Barabara ya Via Laietana ilipopasuliwa, nyumba nyingi zilibomolewa, na jumba moja, Casa Padellàs, lilihamishwa jiwe kwa jiwe hadi uwanja wa Plaça del Rei. Mafundi walipochimba msingi wa kulisimamisha huko, walikutana na Barcino: kuta na mitaa ya Warumi, ambayo leo mgeni huitembelea chini ya jumba hilohilo.