Moi: Mwalimu Mkuu Aliyehamia Ikulu

Zuhura: Karibuni tena katika kipindi chetu, tunachokirekodi hapa Mombasa. Tarehe 22 Agosti 1978, Mzee Jomo Kenyatta alifariki katika Ikulu ya mji wetu huu, na siku hiyohiyo aliyekuwa makamu wake tangu 1967 akaapishwa Nairobi kushika urais. Leo tunamzungumzia huyo, Daniel arap Moi, ila mimi ningependa tuanzie ubaoni.

Bakari: Umeanzia pazuri, Bi Zuhura. Moi alifundisha Tambach na Kabarnet, miji midogo ya Bonde la Ufa, hadi 1955 alipoingia katika Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni. Akawa mwenyekiti wa Kadu, chama kikavunjwa 1964, naye akahamia Kanu, chama tawala cha Kenyatta. Hayo yote yanajulikana. Mimi nasema kwamba hata alipokuwa rais, kwa miaka 24, chaki hakuiweka chini.

Zuhura: Basi sisi tulikuwa wanafunzi wake hasa. Maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya shuleni yaliyoanza 1979, yalikuja katika pakiti ya pembetatu; unaing'ata ncha kwa meno, na ukiiminya vibaya yanaruka hadi kwenye shati la mwenzako. Kwa joto letu la Pwani, yalitufikia yakiwa vuguvugu. Marehemu mama hakuipenda Kanu hata kidogo, lakini maziwa yale hakuyatia ila.

Bakari: Na gwarideni tulikariri kiapo cha utii kwa rais, kama vile jedwali la kuzidisha. Halafu tazama uchaguzi wa 1988, ambapo katika mchujo wa Kanu wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea wao, kama watoto wanaosubiri kuingia darasani. Mwalimu gani, bwana, anayehesabu mistari miwili mchana kweupe kisha akautangaza ule mfupi kuwa ndio mrefu? Hayo yalitokea katika sehemu kadhaa, na watu wakishuhudia.

Zuhura: Wala mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza hakutakiwa. Juni 1982 katiba ilibadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, mpaka kifungu hicho, cha 2A, kilipofutwa Desemba 1991.

Bakari: Linalonishangaza zaidi ni lile la walimu wenyewe. Mwaka 1997, uchaguzi ukiwa mlangoni, waligoma nchi nzima, wakaahidiwa nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 kwa awamu. Mwaka uliofuata wakalazimika kugoma tena kwa sababu ahadi haikutimizwa.

Zuhura: Na baba yako alikuwa mmoja wao.

Bakari: Ndiyo. Hesabu ya nyongeza ile aliipiga kwa penseli nyuma ya daftari la mahudhurio, na daftari lenyewe ninalo hadi leo. Hata hivyo, kila alipomtaja Moi, alimwita mwalimu mwenzetu.