Risasi na zinki zinavyozaliwa chini ya ardhi: jaribu na chupa ya maji

Haya jamani, niko uani kwangu Nkuhungu, Dodoma, na hilo vuuu ni upepo wetu, mzoeeni. Tafuteni shabu ya kinyozi, magadi, kokoto na chupa tupu ya maji. Shabu iyeyusheni kwenye maji ya vuguvugu, magadi kwenye chombo chake. Hiyo mnaijua, tusimalize bando.

Ila magadi yachujeni kwa kitambaa, hata mara mbili. Yakibaki na vumbi hamtaona kitu.

Kokoto nusu chupa, kisha maji ya shabu yazifunike. Hayo yachukulieni ndiyo maji ya chini kabisa: chumvi yake mara tatu ya bahari au zaidi, joto nyuzi 75 hadi 200 hivi. Yanapenya miambani taratibu, yanaokota risasi na zinki, na kloraidi ya chumvi ndiyo inayozibeba.

Sasa sikilizeni. Kifuniko MSIFUNGE. Mwaka jana nilifunga nikatikisa, hewa ya ukaa ikajaa, chupa ikalia paa! Shati lote povu, na mama watoto bado ananicheka. Msifunge.

Mimina magadi kidogo kidogo, pembeni... ona povu... aah, kamera imelala! Upepo huu. Ngoja.

Tayari. Sogeeni hapa kwenye kidole: utando mweupe umekaa katikati ya kokoto. Maji mawili maangavu yamekutana, yakaangusha kitu kigumu. Weupe huo si risasi, ni alumini ya shabu. Kule chini, pahali pa magadi kuna salfa: ikikutana na risasi inatoka galena, ikikutana na zinki inatoka sfalerita. Bonde la Mississippi, Marekani, vimejaa kwenye mawe ya chokaa na dolomiti (jiwe ndugu wa chokaa), maana yana matundu mengi.

Kifuniko kiko wapi? Mezani. Safi.

Galena yenyewe hii. Inavunjika vijiboksi vijiboksi, inang'aa kama bati jipya, uzito mara 7 na nusu ya maji. Kokoto yangu hata mara 3 haifiki. Mkiishika naweni mikono, risasi ni sumu. Mpanda waliichimba miaka ya 1950, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Uani kwenu Dodoma msichimbe, tumekalia granaiti.

Lenzi za kuangalia mawe ninazo, za kukunja. Mimi napenda zile ndogo... we kuku, toka kwenye magadi!