Kabla ya Kubashiri Sura Mpya ya Roadster, Gusa Bati

Mhadhara kwa vijana na mafundi wa magari, Tanga

Wazazi wangu, mafundi wenzangu na vijana mliojaa ukumbi huu, assalaam alaykum, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimeitwa kuzungumzia swali ambalo vijana wa Ngamiani wamekuwa wakinifuata nalo gereji kwa muda mrefu: lile gari dogo la michezo la Mazda, ambalo Wajapani hulinunua kwa jina la Roadster na kwingineko linaitwa MX-5, likibadilishwa sura tena litafananaje? Kila anayekuja ana picha katika simu yake. Moja ina mdomo mpana kama wa chewa, nyingine ina taa nyembamba kama wembe, na ya tatu imerudishiwa taa za kuinuka za mwaka 1989, zile zinazolala ndani ya pua ya gari zisipotumika. Jibu langu limekuwa lile lile kila mara, na leo nalitoa mbele ya watu wengi ili nisilazimike kulirudia kwa mmoja mmoja. Picha hizo zimechorwa na watu ambao hawakujiuliza ni kipande kipi cha gari kinaweza kubadilishwa na kipi hakibadiliki mpaka gari zima lizaliwe upya. Anayetaka kubashiri sura ya gari aanze kwa kugusa bati.

Historia ya gari hili mnaijua na sitawachosha nayo. Lilionyeshwa Chicago mwaka 1989, likafuatiwa na toleo la pili mwaka 1998, la tatu mwaka 2005 na la nne lililoingia sokoni mwaka 2015, na Aprili 2016 likatoka kiwandani gari la kutimiza idadi ya milioni moja. Tunayoyabashiri leo ni mabadiliko yanayofanywa katikati ya maisha ya toleo, wakati kiwanda kinapotaka gari lionekane jipya bila kuanza upya.

Akina mama waliopo hapa watanielewa haraka kuliko mafundi nikitumia mfano wa kanga. Kanga ina pindo, ina mji na ina jina. Kila msimu mji unabadilika na jina linabadilika, na hivyo ndivyo inavyouzwa upya kwa mtu ambaye sandukuni tayari anazo ishirini. Ukiondoa pindo, hata kama rangi zake zinapendeza, hicho kinabaki kitambaa tu na si kanga tena. Pindo la Roadster ni boneti ndefu, milango mifupi, viti vilivyokaa karibu na magurudumu ya nyuma, injini mbele na nguvu ikisukuma nyuma. Paa lake la turubai hukunjwa kwa mkono mmoja. Hayo hayaguswi katikati ya toleo, na sababu yake ni fedha na usalama kwa pamoja. Mlango, fenda ya nyuma na fremu ya kioo cha mbele hutokana na bati lililokandamizwa kwa kalibu kubwa za chuma ambazo gharama yake ni kubwa mno, na ukibadilisha umbo la vipande hivyo unatakiwa kulijaribu gari upya kwa kuligongesha. Bampa ni plastiki, kalibu yake ni nafuu, na haibebi uzito wa gari. Ndiyo maana katika magari mengi mnayoyaona barabarani, tofauti kati ya toleo la zamani na lile mnaloliita nyumodo iko kwenye bampa, shoo, taa na ringi, lakini milango ni ile ile. Nendeni kwenye maegesho hapo nje mkazilinganishe Noah mbili za toleo moja, mtaona.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye taa, kwa sababu ndiko kila ubashiri unakopotea.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea Roadster ya toleo la kwanza, nyekundu, iliyopauka kwa jua. Alinisalimu shikamoo fundi, nikamwitikia marahaba mwanangu, kisha akanionyesha taa ya kushoto iliyokwama nusu, kama mtu aliyeamka na jicho moja limeshikwa na tongo. Alikuwa ametoka kwenye gereji nyingine ambako alishauriwa azikate taa zote mbili, matundu yazibwe kwa bati na puti, kisha zichomekwe taa za kudumu kwenye bampa kama alivyoona katika picha. Alikuja na fedha mkononi na alitaka kazi ianze siku hiyo hiyo.

Nilikataa. Nikafungua boneti, nikamwonyesha kwamba kila taa ina mota yake, na juu ya mota hiyo kuna kirungu kidogo chini ya kifuniko cha mpira, ambacho waliolibuni gari waliweka wakijua kwamba siku moja mota itagoma usiku na mtu atahitaji kufika nyumbani. Nilikizungusha kwa vidole. Taa ikapanda polepole mpaka juu. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye maungio ya nyaya, ambayo chumvi ya upepo wetu wa bahari ilikuwa imeyala mpaka yakawa ya kijani. Tuliyasafisha, tukapaka grisi, tukabonyeza kile kitufe cha dashibodi kinachoinua taa bila kuziwasha, na macho yote mawili yakafumbuka kwa pamoja. Watoto waliokuwa wakitoka chuo wakapiga kelele, "Linafumbua! Linafumbua!" Kijana mwenye gari alikaa kwenye benchi akalitazama muda mrefu bila kusema neno. Nikamwambia, "Mwanangu, ungeziba macho haya usingepata gari jipya, ungebaki na gari lisilo na jina."

Nalisimulia hili kila mahali, na wapo waliokwisha kulisikia mara tatu. Nitaendelea kulisimulia hadi watu waache kukata boneti, kwa sababu ndani yake mna somo lote la sura ya gari. Zile taa hazikuwekwa kwa urembo. Sheria za Marekani zilidai taa ziwe na kimo fulani kutoka ardhini, na wabunifu walitaka pua iliyolala chini, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa taa ilale mchana na iinuke usiku. Mwaka 1998 toleo la pili likaja na taa za kudumu, nyepesi zaidi na zisizo na mota za kuharibika. Mwaka 2015 taa za LED zilikuwa zimekwisha kufanywa ndogo kiasi kwamba pua iliweza kulala chini bila taa kuinuka, na ndiyo sababu toleo la nne lina macho madogo na pua fupi, na urefu wake wa milimita 3,915 ni mfupi kuliko ule wa gari la kwanza. Kila badiliko la jicho lilikuwa na sababu ya kiufundi nyuma yake. Mchoraji wa simu anachora jicho bila sababu, halafu anatuita tulijadili.

Najua yupo hapa atakayetaka kunitajia gari la maonyesho ambalo Mazda ililipeleka Tokyo mwishoni mwa Oktoba 2023 kwa jina la Iconic SP, ambalo taa zake zimefichwa na hufunguka. Atasema kwamba ikiwa kampuni yenyewe imelionyesha, basi zile taa za zamani zinarudi. Ndugu yangu, gari la maonyesho husukumwa jukwaani na kumulikwa. Halijaapishwa mbele ya sheria za barabara. Angalia kile kilichofanyika kwa gari la kuuzwa mwezi huo huo. Mapema Oktoba 2023 Mazda ilitangaza maboresho ya Roadster halisi, na kilichobadilika usoni ni kwamba zile taa za mchana, yaani taa ndogo zinazowaka gari likitembea mchana, ambazo awali zilikaa peke yake kwenye pembe za bampa, ziliingizwa ndani ya taa kubwa. Nyuma taa zote zikawa za LED huku duara lake likiachwa kama lilivyo. Ndani wakaweka skrini ya inchi 8.8. Bati halikuguswa. Kampuni moja, mwezi mmoja, na magari mawili: la kuota na la kuuza. Anayebashiri lazima aseme anabashiri lipi kati ya hayo mawili.

Tena boneti yenyewe haimruhusu mchoraji kujifanyia atakavyo. Katika toleo hili ni ya alumini, na katika masoko mengi ina kifaa kinachoinua sehemu yake ya nyuma pale gari linapomgonga mtu wa miguu, ili kichwa chake kisiangukie juu ya injini. Ukiweka juu yake masanduku ya taa yenye kingo kali yanayochomoza, unavunja kazi hiyo yote. Na gari zima lina uzito wa karibu tani moja. Watu waliohesabu gramu kwenye kila kipande hawatarudisha mota mbili na mikono yake ya chuma ili kuwafurahisha watu wanaolikumbuka gari la ujana wao. Nalipenda gari la kwanza kuliko wengi wenu, na bado nasema kwamba taa zile hazirudi.

Wengine hunijibu kwamba watu huzoea, kwamba sura yoyote mpya hulalamikiwa mwaka wa kwanza na kusifiwa wa tatu. Si kweli kwa macho. Porsche walijaribu. Gari lao la 911 lilikuwa na taa za mviringo tangu miaka ya 1960, na toleo lililoonyeshwa mwaka 1997 likaja na taa zilizounganishwa na indiketa, umbo moja na lile la gari lao la bei nafuu zaidi, Boxster. Watu wakaziita mayai ya kukaanga. Kwa gari la mwaka 2002 kampuni ikazibadilisha, ikachukua umbo la taa la 911 Turbo, na toleo lililofuata la mwaka 2004 likarudi kwenye mviringo. Gari lenyewe lilikuwa jema, lakini jicho lilikataliwa mpaka likaondolewa. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na zile taa ziliuishi.

Basi ubashiri wangu ni huu, na nausimamia. Umbo la nje la taa za mbele litabaki karibu lile lile, kwa kuwa linafungwa na fenda za alumini na boneti ambazo kiwanda hakitazigusa katikati ya toleo. Mabadiliko yatakuwa kwenye pembe za bampa. Tangu taa za mchana zihamie ndani ya jicho, pembe zile zimebaki wazi na hazina kazi kubwa, na nafasi isiyo na kazi ndiyo mbunifu huikimbilia kwanza. Porsche walifanya hivyo hivyo Mei 2024: waliingiza taa zote za mbele za 911 ndani ya jicho, na kwenye aina yake ya Carrera GTS nafasi iliyopatikana katika bampa ikawekwa vibao vya wima vinavyofunguka na kufunga kupitisha hewa. Roadster haina joto la kuhitaji vibao hivyo, lakini matundu ya kupitisha hewa pembeni mwa magurudumu nayategemea. Mdomo wa mbele unaweza kupanuliwa kidogo, nami ninaomba usipanuliwe. Toleo la tatu lilipanuliwa mdomo mwaka 2008 lifanane na ndugu zake wa nyumba moja, likawa kama linacheka wakati hakuna aliyelichekesha, na toleo la nne likaliacha tabasamu hilo.

Naonyeshwa kwamba muda umekwisha, kwa hiyo yaliyobaki nitayapita haraka. Taa za nyuma zitabaki na duara. Ringi zitabadilika kwa hakika, maana hazikigharimu kiwanda kitu kikubwa. Rangi mpya itakuwepo, na turubai la paa huenda likapata rangi nyingine. Kuhusu umeme na betri nilikuwa nimeandaa mengi, lakini hilo ni la toleo jipya zima na si la kusafisha sura, tutalikuta siku nyingine.

Maswali nitayapokea nje. Mwenye Roadster ya toleo la kwanza iliyokwama taa asiende nayo popote kwanza. Ailete gereji kesho asubuhi, nimwonyeshe kirungu kilipo.