Sanduku limefungwa, ufunguo anao hedi ticha

Asanteni, kaeni tu jamani, hapa sio mstarini. Nimepewa dakika 40, na wengine hii ni mara ya tatu mnanisikia, mtanivumilia, kama mngekuwa mmeshafanya niliyosema mara ya kwanza leo ningekuwa nyumbani napalilia mchicha wangu.

Naanza na swali la shule ya msingi. Taja vifaa vitano vya sanduku la huduma ya kwanza. Haya!

Pamba. Bandeji. Mkasi. Plasta. Spiriti. Wembe, naam, vimeshazidi vitano. Mmeona? Mngekuwa watahiniwa wangu wote mmepata. Sasa swali la pili, hili kwenye kitabu halimo: shuleni kwako sanduku lenyewe liko wapi? Mnacheka nini? Liko ofisini kwa hedi ticha, juu ya kabati, nyuma ya kombe la UMITASHUMTA, limepigwa kufuli. Ufunguo anao hedi ticha, na hedi ticha mwenyewe kaenda halmashauri kwenye kikao. Mimi kuna moja niliomba lifunguliwe nikakuta chaki, mhuri wa zamani na panadol mbili zilizoisha muda. Pamba hamna, wasichana wa darasa la saba walishaihitaji, na siwalaumu hata kidogo.

Ndio maana nasema, sisi huduma ya kwanza tunaifundisha, tunaitungia mtihani, tunaisahihisha kwa kalamu nyekundu, alafu mtoto akianguka mbele yetu tunaangaliana. Tunajua majina ya vitu, mikono haijui kitu. Na sisemi nyie, naanza na mimi.

Mwaka 1991 nimetoka chuo, nimepangiwa shule moja huko, siitaji, wengine mna ndugu huko. Darasa la tano, hesabu, mgao wa tarakimu mbili. Kuna kabinti kalikuwa kanakaa dawati la pili upande wa dirishani, kembamba, hodari kweli wa hesabu. Ghafla nasikia sauti kama mtu aliyekabwa koo, nageuka, mtoto kakakamaa, kaanguka chini, anarusha miguu. Darasa zima likatokea madirishani, na huko nje wanapiga kelele "kajamba! msimguse, kajamba!" Mnaijua hiyo, hata nyie wengine mnaiamini, msinifiche. Eti mgonjwa akijamba na wewe uko karibu kifafa kinakuhamia.

Mimi sikukimbia. Mimi ni msomi bwana, nimetoka chuo! Nikamrukia, nikamkalia mapaja, nikapiga kelele leteni kijiko. Kikaletwa kutoka ofisini, kile cha sukari, cha bati gumu. Meno yamebana, nikalazimisha ncha ya kijiko, nikasukuma, kikagoma, nikasukuma tena kwa nguvu zangu zote nikasikia kah. Jino la mbele. Damu ikatoka, na mimi nilivyoiona ile damu ndio kwanza nikajisifu moyoni, nikasema si mmeona, alikuwa anaung'ata ulimi, kumbe fizi nimeichana mimi mwenyewe.

Haikufika dakika tatu akatulia. Angetulia tu hata ningekuwa nimesimama ubaoni naendelea na mgao, wengi wanatulia wenyewe, lakini sifa nikachukua mimi. Kesho yake mama yake kaja na kuku jike mwekundu kafungwa miguu, kapiga magoti pale barazani mbele ya walimu wote, "mwalimu bila wewe mwanangu angemeza ulimi." Nikampokea yule kuku. Jumapili tukamla, walimu wanne, kwa ubwabwa.

Imepita miaka sita ndio nikaitwa semina ya Msalaba Mwekundu, yule kijana mkufunzi akasema kifafa kikimshika mtu usiweke kitu chochote mdomoni, sio kijiko, sio kidole, sio kitambaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwuliza na ulimi je? Akaniambia mama, jaribu kuumeza wako hapo ulipo. Hebu jaribuni. Si mnaona? Umeshikiliwa chini, hauendi popote. Anaweza kuung'ata pembeni, ndio, unauma, lakini kidonda cha ulimi kinapona. Jino la ukubwani lililong'olewa na kijiko halioti tena. Na lile jino lingeweza kuingia kwenye njia ya hewa, hapo ningemuua mtoto wa watu na kuku ningepewa vilevile.

Yule binti ni mama mtu mzima sasa, anauza dagaa sokoni. Nikipita ananiamkia shikamoo mwalimu, anacheka, naliona lile pengo. Sijawahi kumwambia.

Sasa najua kuna mtu anasema kimoyomoyo, kwa hiyo madam tukae tunamwangalia tu? Ndio! Kuangalia nako ni kazi. Unasogeza madawati asijigonge, unaweka sweta chini ya kichwa, unalegeza kola, alafu unaangalia saa. Narudia saa, maana kila shule nikiuliza alichukua muda gani naambiwa "kama nusu saa hivi", nusu saa ya wapi, ulikuwa na hofu tu. Ikipita dakika 5 hajatulia, au katulia kikaanza tena kabla hajapata fahamu, au ndio mara yake ya kwanza, tafuta usafiri aende hospitali. Akitulia mlaze ubavu ili mate na povu vitoke nje. Usimnyweshe maji, usimnusishe kiatu. Kiatu jamani! Mtoto anaamka hajui yuko wapi, kitu cha kwanza anachokutana nacho duniani ni kiatu cha mwalimu wa zamu.

Na kile cha kujamba mkiache kabisa, kifafa hakiambukizi. Watu wa Mahenge kule Ulanga watawaambia, kule kifafa kimekuwa kingi miaka na miaka, kinahusishwa na usubi, na yule mama daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alivyoanza kuwatibu karibu na 1960 alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Moto wa wapi? Wa jikoni. Mtu kaangukia mafiga na watu wamesimama, wanaogopa kumgusa. Huo ugonjwa una vidonge, mgonjwa akivimeza kila siku anakaa muda mrefu hajaanguka, lakini sisi tunamwambia mzazi amtoe mtoto shule "mpaka apone". Huyo mliyemtoa ndio anabaki nyumbani na mafiga.

Nimechukua muda, najua, mwenyekiti ameshaanza kuangalia simu.

Haya, damu. Mtaniambia UKIMWI, glavu hamna. Sawa, hofu hiyo naiheshimu. Lakini mtoto mwenyewe ana mkono! Mpe kitambaa safi, mwambie kandamiza hapo, bonyeza kwa nguvu usiachie. Akishindwa vaa mfuko mkononi, na Rambo wamepiga marufuku tangu Juni 2019 lakini mfuko wa mkate si upo? Tatizo sio glavu, tatizo kila dakika tunafunua kuangalia kama damu imekata. Usifunue. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu yake.

Mwingine ananiambia sisi zahanati iko jirani, kilomita 2 tu. Mtoto kakabwa na punje ya mahindi ya makande, hewa haipiti kabisa, ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, ukipiga simu bodaboda anakwambia niko njiani na yeye bado anakunywa chai. Anayesubiriwa ni wewe. Akiweza kukohoa mwache akohoe, muhimize. Hawezi, hana sauti, basi muinamishe, mpige mgongoni katikati ya mabega mara 5 kwa kisigino cha kiganja, bado, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia. Hiyo tutaifanya kwa vitendo, sio ya kuandika, wewe dada acha kuandika.

Mnakumbuka Karatu, tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi kutoka Arusha likatumbukia korongoni. Wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watatu tu ndio wakapona, na kuna Wamarekani wa kujitolea walikuwa wanapita barabara ile ile wakashuka kusaidia. Sisemi kuna wengine wangepona, sijui na siwezi kusema hivyo. Nasema kila safari ya shule tunahesabu watoto, tunahesabu maandazi, tunahesabu michango, hakuna anayeuliza kwenye hili gari nani anajua kuzuia damu.

Dakika ngapi? Tano? Nani kanikatia? Basi haraka haraka. Pua ikitoka damu mtoto asiangalie juu! Ainame mbele, abane pua hapa kwenye nyama laini, dakika 10 bila kuachia, atemee mate chini. Moto, uji wa asubuhi ukimwagikia mtoto ni maji, maji ya kawaida dakika 20, bomba kama lipo, halipo mimina kwa kikombe polepole. Dawa ya meno ni ya meno. Yai ni la kula, asali vilevile. Malengelenge usitumbue. Nyoka nilikuwa na mengi lakini basi, usikate, usinyonye, usifunge kamba, mvue shanga na bangili kabla mkono haujavimba, asitembee, abebwe hospitali. Mfupa uliovunjika usiunyooshe wewe, hukusomea. La kuzimia mstarini nitalisema siku nyingine, ingawa dawa yake nyingine ni hedi ticha kufupisha hotuba.

Naona chai imeingia, hakuna kutoka. Mwalimu wa michezo njoo, lala hapa kwenye mkeka, wewe ndio mgonjwa. Rusha miguu kidogo, sio hivyo, unacheza singeli. Madam wewe sogeza viti, toa huyo mkono mabegani kwake, usimkandamize. Sweta la nani? Weka kichwani. Nani anaangalia saa? Hakuna! Anza upya, wewe hapo mwenye saa, sema kwa sauti. Sawa, katulia, mgeuze ubavu, goti la juu likunje, hivyo hivyo. Na wewe kule nyuma, hicho kijiko kirudishe kwenye chai.