Kipindi cha 41: Mama mkwe na maua ya gereji

NEEMA: Kaka Elia, wiki iliyopita uliwaahidi watu mambo matano ya kupika bia kwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ulizopanda mwenyewe. Nimeyaandika hapa, moja mpaka tano. Twende.

ELIA: Twende. Ila kwanza nikueleze yaliyonikuta Jumanne.

NEEMA: Tumeanza.

ELIA: Unajua mama mkwe yuko hapa Seattle tangu Agosti, amekuja kumlea mzazi.

NEEMA: Nani asiyejua? Siku hizi watu wanamsalimia yeye kuliko wewe.

ELIA: Basi Jumamosi nikavuna. Ule mmea wangu wa Cascade, aina ya hopsi, kile kipande cha mzizi nilichotoa Yakima kwenye mashamba ya hopsi, huu ni mwaka wake wa tatu. Ulipanda kamba mpaka ukavuka bati. Nikapata maua kilo 2, mabichi. Nikayatandaza gereji juu ya wavu wa dirisha, nikawasha feni. Yakikauka hazifiki hata gramu 500, karibu yote ni maji. Sasa ukilipasua ua katikati unakuta unga wa njano, unanata vidoleni, unanukia ganda la balungi. Mama akaingia kufuata sabuni. Akaona. Akanusa. Akafunga mlango taratibu.

NEEMA: Hakusema kitu?

ELIA: Siku tatu! Chai ananipa, lakini ananitazama tu. Jumanne jioni simu ya mke wangu haikatiki. Kumbe alipiga picha akairusha kwenye grupu la ukoo: "Mkwe wetu anakausha bangi, na mtoto mchanga yumo ndani."

NEEMA: Mungu wangu!

ELIA: Kikao, Neema. Watu 14 kwenye vidio, mwenyekiti baba mdogo wa Kibosho, Kilimanjaro. Naulizwa nimeanza lini.

NEEMA: Ukajibuje?

ELIA: Nikasema ukweli. Hopsi na bangi ni ukoo mmoja wa mimea, lakini...

NEEMA: Hiyo "lakini" nani aliisikia?

ELIA: Hakuna. Baba mdogo akasema, "Amekiri."

NEEMA: (anacheka) Wewe mtu wa Muheza unakwenda kufungua somo la mimea mbele ya Wakibosho!

ELIA: Tena akauliza kama serikali ya huku inajua. Nikamwambia sheria ipo, Rais Carter aliitia saini mwaka 1978: nyumba yenye watu wazima wawili inaruhusiwa kupika galoni 200 kwa mwaka, bila kuuza. Akapiga hesabu, kama lita 750. Akaguna. "Hiyo si hata harusi moja."

NEEMA: Kwa Kibosho hajakosea.

ELIA: Kilichoniokoa ni msesewe. Nikamgeukia mama, nikamwambia, mama, nyinyi mbege, pombe yenu ya ndizi, mnaitia gome la mti wa msesewe iwe chungu. Haya maua ndiyo msesewe wa Wazungu. Kimya. Akachukua ua moja, akatafuna, akatema kwenye kitambaa. Akasema, "Msesewe unashika kooni. Huu unashika ulimini." Basi, kikao kikafungwa. Alhamisi nikapika lita 20.

NEEMA: Hapo ndipo nakutaka. Uchungu ulipimaje? Bibi yangu Marangu alikuwa akitia gome la msesewe kwenye mso, ule uji wa kimea cha ulezi, kabla haujakutana na ndizi zilizochacha. Akizidisha kidogo tu, pipa zima linakosa mnywaji. Hopsi za dukani pakiti imeandikwa asilimia ya asidi za alfa, zile zinazoleta uchungu. Zako zimepimwa wapi?

ELIA: Hazijapimwa.

NEEMA: Na ulizitia lini?

ELIA: Sehemu kubwa mwanzo, zikachemka saa nzima.

NEEMA: Yaani pale pale uchungu unapotoka! Ungetia za pakiti mwanzoni, zako ukaziweka dakika za mwisho kwa ajili ya harufu.

ELIA: Halafu niite bia ya uani kwangu? Bibi yako alikuwa na maabara?

NEEMA: Bibi alipika kila wiki, mti ule ule, miaka nenda rudi. Wewe unavuna mara moja kwa mwaka, mvua ikibadilika na hopsi zimebadilika. Huo siyo uzoefu, ni bahati nasibu.

ELIA: Naye alianza na pipa la kwanza.

NEEMA: Na mama yake kasimama pembeni! Ya mwaka jana ilikuwaje?

ELIA: ...Kama umetafuna Panadoli.

NEEMA: Amekiri.

ELIA: Ndiyo maana mwaka huu nimepunguza!

NEEMA: Umepunguza kutoka ngapi? Hujui ulikoanzia.

ELIA: Ulimi wangu unajua.

NEEMA: Kaka, ulimi sio kipimo.

ELIA: Mbege inapimwa na nini?

NEEMA: Na mpishi. Nimekwambia, mpishi.

ELIA: Basi na mimi ni mpishi. Nikitia hopsi za dukani kwenye sufuria, sioni kwa nini nilihangaika na kamba miaka mitatu. Tusonge.

NEEMA: Tusonge, ila sijakubali. Msikilizaji wa Machame anauliza, hopsi zitakubali Kilimanjaro?

ELIA: Majani atapata. Maua, asitegemee. Mmea huu unataka mchana mrefu wa kiangazi, hapa Juni jua linakaa karibu saa 16. Huko kwenu ni saa 12 mwaka mzima. Apande msesewe.

NEEMA: Tumebakiwa na dakika moja. Mambo matano, kaka. Hata mawili.

ELIA: La kwanza, panda mmea jike peke yake, kwa sababu dume likiwa karibu maua yanajaa mbegu na... subiri. Mama anagonga.

NEEMA: Afungue tumsalimie.

ELIA: Anataka sufuria. Ile niliyopikia bia ndiyo anayopikia mtori wa mzazi.

NEEMA: Uliiosha?

ELIA: Niliisuuza.

NEEMA: Elia! Na ule mtori wa jana?

ELIA: Shikamoo mama! Naileta, mama. Naileta sasa hivi.