Kuku na Chipsi za Jumamosi: Nani Hasa Anazitaka?

MWALIMU: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Nakuru na kwingineko. Shule zimefungwa, na ukipita katikati ya mji Jumamosi utaona wazazi wamejaa kwenye mikahawa ya kuku na chipsi, watoto wanavuta mikono kuelekea mlangoni. Mama Imani, ni sawa kumpeleka mtoto pale au si sawa?

MAMA IMANI: Mwalimu, hapo wazazi wamegawanyika kambi mbili. Kuna wanaosema ni sumu tupu, na kuna wanaosema mwacheni mtoto afurahi, utoto ni mara moja. Lakini wote wanabishania safari moja ya mwisho wa mwezi. Sijamsikia mtu akibishania chipsi mwitu, zile za kukaangwa kando ya barabara, za kila jioni pale getini.

MWALIMU: Hebu fafanua.

MAMA IMANI: Mimi ni mpishi, napikia harusi na matanga, mafuta nayajua. Nenda Kaptembwa, nenda Free Area, nenda Shabab saa kumi na moja jioni. Kila kona kuna karai. Mtoto ametoka shule na hamsini mkononi, anafungiwa chipsi kwenye mfuko wa karatasi, zinamwagiwa sosi nyekundu, anakula akitembea. Akifika nyumbani hana njaa ya ugali wala sukuma. Hiyo si Jumamosi moja. Hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Na mzazi anajua! Ananyamaza kwa sababu amechoka, na mtoto akiwa ameshiba imemwokoa kazi.

MWALIMU: Na hayo mafuta ya karai je?

MAMA IMANI: Mafuta yakichemshwa tena na tena yanaharibika. Yanakuwa meusi, mazito, yanafanya povu, na yanaanza kutoa moshi hata kabla ya viazi kuingia. Yakifika hapo ni ya kumwaga. Lakini mafuta ni ghali, kwa hiyo wengine wanaongeza mapya juu ya yale ya jana na juzi. Sitaki kuwasema vibaya akina mama wa makarai. Wengi wanasomesha watoto na hiyo kazi, na wako wasafi kuliko hoteli nyingi. Ninachomwambia mzazi ni kimoja: kabla hujampa mtoto pesa, nenda wewe mwenyewe ukaangalie ndani ya karai.

MWALIMU: Kwa hiyo mkahawa mkubwa una afadhali?

MAMA IMANI: Kwa mafuta, mara nyingi ndiyo, maana wana utaratibu wa kuyabadilisha. Kwa chumvi na soda, hapana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai hivi, na mtoto apunguziwe zaidi. Sasa weka kuku aliyelowekwa kwenye chumvi, weka chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, weka sosi yenye chumvi. Halafu soda. Chupa ya nusu lita ya soda ya kola ina sukari zaidi ya gramu 50, yaani zaidi ya vijiko kumi vya chai. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku, gramu 50 ndiyo mwisho wake wa sukari ya kuongezwa. Mtoto wa miaka sita anamaliza kipimo cha baba yake kabla kuku hajafika mezani.

MWALIMU: Hilo linatosha kumfanya mzazi aagize maji.

MAMA IMANI: Maji, na sahani moja wagawane wawili. Mtoto mdogo hawezi kumaliza sahani ya mtu mzima. Tunamlazimisha amalize kwa sababu tumelipa.

MWALIMU: Ngoja nirudi kwenye viazi, maana sisi huku ndiko vinakotoka. Wasikilizaji wa Molo, Kuresoi na Mau Narok watakumbuka Januari 2022. KFC, ile kampuni ya mikahawa ya kuku, ilitangaza kwamba chipsi zimeisha katika mikahawa yake ya Kenya. Meli zilichelewa kwa sababu ya misukosuko ya korona, na kumbe viazi vyao vilikuwa vinaagizwa kutoka nje! Mkulima amekaa na magunia ya shangi, aina ya viazi vyetu, bei imeanguka, na mjini mtu anaambiwa hakuna chipsi. Watu walikasirika kweli, mpaka kampuni ikasema itaanza kutafuta viazi vya hapa nchini.

MAMA IMANI: Nakumbuka. Na mimi nilikasirika kama wengine.

MWALIMU: Mimi kilichoniuma ni kingine. Watoto wa yule mkulima. Hapa Kenya zao kubwa la chakula baada ya mahindi ni viazi, na baba yao anavilima. Lakini muulize mtoto huyo chakula kizuri ni kipi, hatakutajia viazi vya mama yake vilivyochemshwa na maziwa. Atakutajia chipsi za mjini. Sisi wazazi ndio tuliomfundisha hivyo. Tunamwambia, "Ukipita mtihani nitakupeleka ukale kuku." Hatujawahi kumwambia ukipita mtihani nitakupikia githeri. Mtoto amesikia: chakula cha nyumbani ni adhabu, cha mkahawani ni tuzo.

MAMA IMANI: Hapo umegusa mahali penyewe.

MWALIMU: Wenye biashara waliliona zamani. Kule Marekani, McDonald's walianza kuuza mlo wa watoto wenye zawadi ndani, Happy Meal, mwaka 1979. Mtoto hataki mkate na nyama, anataka kile kidude cha kuchezea. Mji wa San Francisco ulipitisha sheria mwaka 2010: hakuna kutoa zawadi ya bure na mlo wa mtoto usiofikia kiwango cha lishe. Kampuni ikaanza kuuza kidude kwa senti 10, mambo yakaendelea. Chile walikuja na sheria kali zaidi iliyoanza 2016, wakakataza zawadi kabisa kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi.

MAMA IMANI: Hapa kwetu hawahitaji hata kidude. Bembea na ile ngazi ya kuteleza zinatosha.

MWALIMU: Zinatosha kabisa.

MAMA IMANI: Lakini Mwalimu, hapo sasa lazima niwatetee akina mama. Mchukue mama mwenye watoto watatu. Yuko mjini tangu asubuhi anatafuta sare za shule. Jua kali, mdogo anataka choo, wa pili amechoka kutembea. Ataingia wapi? Niambie ni wapi katikati ya mji huu kuna choo safi, bomba la kunawa mikono, kiti cha mtoto, na mahali watoto watacheza bila kukimbia barabarani. Nyayo Gardens utapata kivuli na nyasi, basi. Yule mama hanunui kuku. Analipia kiti na choo, na dakika ishirini za kukaa bila kushika mkono wa mtu. Serikali ya kaunti ingetujengea viwanja vya watoto kila mtaa, foleni ya Jumamosi ingepungua. Tumekuwa jiji tangu Desemba 2021, na jiji lina deni kwa watoto wake.

MWALIMU: Nakubaliana nawe. Sikuwa nimeliangalia kutoka upande wa choo.

MAMA IMANI: Kwa sababu si wewe unayewapeleka!

MWALIMU: Ni kweli, mara nyingi ni mama yao. Lakini na mimi nina upande wangu, nao ni darasa. Shule zikifunguliwa, zamani nilikuwa nauliza watoto, "Likizo mlienda wapi?" Nimeacha. Wawili watatu wananyoosha mikono, tulikula piza, tulikula baga. Wengine wanaangalia madawati. Kuna mtoto anabuni uongo pale pale, ukisikia jinsi anavyosimulia unajua hajawahi kufika. Halafu anaenda nyumbani na kumsumbua mama yake. Na yule mama, ambaye anafua nguo za watu, anachukua mkopo wa simu ili mtoto wake naye awe na la kusema. Pesa ya mboga ya wiki inaliwa kwa nusu saa. Hilo linaniumiza kuliko chumvi na sukari.

MAMA IMANI: Na mtoto hajui kama ni mkopo.

MWALIMU: Hajui, na wiki inayofuata anashangaa kwa nini hakuna maziwa kwenye chai. Mzazi ambaye hana, asione aibu kumwambia mtoto kwamba pesa haipo. Mtoto wa miaka saba anaelewa.

MAMA IMANI: Na tusisahau kwamba nchi hii bado ina watoto wasiopata chakula cha kutosha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Halafu mwaka 2025 UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, walisema kwamba, duniani kote, watoto wa umri wa kwenda shule na vijana wenye unene wa kupindukia sasa wamewapita wale wenye uzito mdogo kupita kiasi. Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini bado hatujafika hapo. Lakini nyumba moja inaweza kuwa na yote mawili. Mdogo amedumaa, mkubwa ananenepa kwa chipsi mwitu na soda. Wote hawapati mayai, omena wala maharagwe.

MWALIMU: Sherehe za kuzaliwa je? Mimi nazipinga kule mkahawani. Ukialika watoto kumi, umewapa wazazi kumi deni.

MAMA IMANI: Mimi sizipingi. Nyumba ya chumba kimoja utaweka wapi watoto kumi? Hapo tuache tu, hatutakubaliana.

MWALIMU: Sawa. Kuna mama wa Lanet ametuandikia. Anasema mume wake anafanya kazi mbali, akija mara moja kwa mwezi anawapeleka watoto kula kuku. Yeye amebaki na sukuma na kazi za shule za jioni, na watoto wanamwambia, "Baba ndiye mzuri." Anauliza awakataze?

MAMA IMANI: Pole sana, mama. Usiwakataze, utaonekana mbaya zaidi. Zungumza na baba yao, watoto wasiwepo. Huyo baba hana ubaya, anawapenda na siku zake ni chache, kwa hiyo anatafuta njia fupi ya kuonekana. Mwonyeshe nyingine.

MWALIMU: Kama anatusikiliza, ndugu yangu, ukija mwezi huu wachukue watoto mwende sokoni. Wachague viazi wenyewe, mkavimenye pamoja, ukaange wewe. Mama akae chini.

MAMA IMANI: Na siku nyingine mama awapeleke mjini yeye, alipe yeye, watoto wamwone akiagiza.

MWALIMU: Hilo nimelipenda. Na hizo chipsi za baba, mpishi, azifanyeje zisije zikalegea?

MAMA IMANI: Akishazikata aziloweke kwenye maji baridi kama nusu saa, wanga utoke. Azikaushe vizuri na kitambaa safi, maana maji yakiingia kwenye mafuta moto yanaruka na kuchoma. Akaange mara mbili: ya kwanza moto wa wastani mpaka ziive ndani, azitoe zipoe, ya pili moto mkali mpaka zipate rangi. Chumvi aweke mwisho, kidogo. Na watoto wadogo wakae mbali na jiko, wao kazi yao ni kukata nyanya za kachumbari na kisu kisicho na makali.