Mita 30 kutoka wapi? Maasai Mara baada ya mafuriko

(Mhadhara kwa wanafunzi wa utalii na wenye kambi, Narok)

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na wanaonijua naona wameanza kucheka. Wanajua naanza na utepe wa kupimia. Naam, naanza nao.

Usiku wa kuamkia 1 Mei 2024 mto Talek, hapa Maasai Mara, ulivunja kingo. Helikopta za Msalaba Mwekundu mliziona, watu zaidi ya 90 wakaokolewa, sina haja ya kuwasimulia. Mimi nawasimulia Agosti ya mwaka uleule. Nilipita kambi moja, siitaji, wanajenga upya. Kijana wa fundi amesimama mtoni, maji hayajamfika magotini, ameshika ncha ya utepe. Fundi anarudi kinyumenyume akihesabu. Thelathini! Akagonga kigingi. “Mzee, tumefuata sheria,” akaniambia, uso umemchangamka kabisa.

Nikamwambia atazame juu. Kwenye mti uliokuwa nyuma ya kigingi, nyuma yake jamani, si mbele, nyasi kavu zilikuwa zimenasa matawini pamoja na ndara moja ya bluu. Juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi. Ni mto ulioiweka pale.

Sasa kanuni za ubora wa maji za 2006 zinasemaje? Usiendeleze chochote ndani ya upana kamili wa mto, isipungue mita 6 wala kuzidi 30 kila upande, ukihesabu kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Cha mafuriko! Si maji ya Agosti ambayo ndama anavuka tumbo likiwa kavu. Ncha ile ilipaswa kufika kwenye ndara kwanza, ndipo fundi aanze kurudi nyuma.

Nasikia mtu ananong'ona: mgeni analipa ili amsikie kiboko akiwa kitandani. Bwana, kiboko husikika mbali. Na mgeni aliyelala usiku mzima juu ya mti hataki tena habari ya kiboko, anataka wakili.

Mwingine ataniambia niache mahema ya watu, shida ni msitu wa Mau. Mau imekatwa, sikatai, na Amala na Nyangores, mito inayoungana kuwa Mara, inatoka huko. Lakini Talek inashuka upande wa Loita! Panda miti Mau mpaka viganja vitoke malengelenge, Talek haitapata habari. Kila mwaka nasema hili, na kila mwaka basi la kupanda miti linaelekea Mau.

Haya, saa nimeonyeshwa. Barabara, haraka. Kwenye udongo mweusi njia ikishakuwa tope dereva anapita pembeni, anayemfuata pembeni ya pale, mwezi ukiisha mna njia sita ubavu kwa ubavu. Kumwaga moramu, ule udongo wa changarawe, kwenye moja si ukarabati. Zile tano zizibwe kwa mawe, nyasi zirudi, na mtaro uchimbwe kabla ya moramu, si baada. Nilikuwa na picha za Samburu pia, mafuriko ya mto Ewaso Ng'iro ya Machi 2010. Mtaziona mlangoni.

Utepe wenyewe ni huu hapa mezani, wa mita 50. Kesho saa moja asubuhi gari linakwenda Talek. Atakayeshika ncha aje na buti za mpira.